Vinamba vya juu na vya chini kwenye Word, Docs na LibreOffice: njia fupi zipo, ila hazifanyi kitu kimoja

Angalia jinsi wengi wetu tunavyoandika CO₂ uone safari ilivyo ndefu. Unaandika CO2, unashika mausi, unahangaika kuihailaiti ile 2 peke yake (kwa tachipadi ya laptop hiyo tu ni kazi), unapanda juu kwenye menyu kutafuta kibatani cha x₂, unaklik, unarudi chini, unaendelea kuandika, kuja kushtuka sentensi nzima iliyofuata nayo imezama imekuwa vinamba. Kwa CO₂ moja wala sio ishu. Ila mtu mwenye ripoti ya maabara ya kurasa 40, au anayeandika vipimo vya ujenzi vyenye m² na m³ kila mstari, huyo anapoteza muda kweli, na bado mwishoni zitabaki tatu nne ambazo zimemponyoka.

Njia fupi zipo, tena nyingi, na hapo ndo panapochanganya, maana ukiuliza watu watatu utapewa majibu matatu na yote ni sahihi. Mmoja atakwambia bonyeza Ctrl na =, mwingine atakwambia shika Alt uandike 0178, wa tatu atakwambia fungua sehemu ya hesabu. Kwenye skrini vinamba vyote vitaonekana sawa, lakini ndani ya faili ni vitu tofauti kabisa, na utofauti wenyewe huwa unajitokeza siku unakopi kazi kwenda sehemu nyingine. Huko tutafika, tuanze na vitufe kwanza maana ndo vinavyotakiwa kila saa.

Kwenye Word ya Windows, kinamba cha chini ni Ctrl na =, cha juu ni Ctrl, Shift na =. Kukumbuka ni rahisi: ukishika Shift, kitufe cha = kinakuwa cha +, na kujumlisha ni kupanda. Mac ni hivyohivyo, weka tu Cmd mahali pa Ctrl, na PowerPoint inakubali vitufe hivyohivyo. Google Docs wao wana vyao: Ctrl na mkato kwa kinamba cha chini, Ctrl na nukta kwa cha juu. LibreOffice Writer ni Ctrl, Shift na B kwa chini, Ctrl, Shift na P kwa juu. Basi, hiyo ndo orodha yote, hamna haja ya kuikariri zaidi ya programu unayoitumia.

Kitu ambacho watu huwa hawaambiwi ni kwamba vitufe hivi havihitaji uhailaiti chochote. Vinafanya kazi kama swichi, unawasha unaandika unazima. Yaani unaandika CO, unabonyeza Ctrl na =, unaandika 2, unabonyeza Ctrl na = tena, unaendelea na sentensi yako, mkono haujatoka kwenye kibodi hata mara moja. Mtu akishazoea hilo moja tu, nusu ya tatizo imeisha, na ile shida ya sentensi nzima kuzama inakufa yenyewe kwa sababu kuzima kumekuwa sehemu ya kuandika. Ukijikuta umepotea hujui kama swichi imewashwa au imezimwa, kwenye Word bonyeza Ctrl na kile kitufe kirefu cha nafasi, maandishi yanarudi kawaida. Kwenye LibreOffice ni Ctrl na M, Docs ni Ctrl na ule mkwaju wa kuegemea nyuma (\). Angalia tu kwamba hizi zinafuta na mapambo mengine, kama neno lilikuwa limekolezwa wino nalo litarudi kuwa la kawaida.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza, ukizoea vitufe vya Word afu ukahamia Docs kwenye brauza, ukibonyeza Ctrl na + ukurasa unavimba tu, kwa sababu kwenye brauza hiyo ni amri ya kukuza. Wa pili, sio kila kibodi imeweka = sehemu moja. Zipo kibodi za lugha nyingine ambazo = yenyewe inapatikana kwa kushika Shift, sasa hapo amri mbili zinagongana na unabaki unabonyeza bila majibu. Dawa ni kujitengenezea vitufe vyako mwenyewe. Word inaruhusu, unaingia kwenye Options, Customize Ribbon, pale chini kuna batani ya kubadilisha vitufe, unatafuta amri za Subscript (cha chini) na Superscript (cha juu) unazipa mchanganyiko unaoupenda wewe. Dakika chache tu na hurudi tena huko.

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe.

Ukitumia vitufe hivyo, ile 2 kwenye CO₂ bado ni 2 ya kawaida kabisa, imevalishwa tu nguo ya kuwa ndogo na kushuka chini. Ukiipeleka mahali ambapo hawaruhusu nguo, inavuliwa. Mahali hapo ni pengi kuliko unavyodhani: kichwa cha habari cha barua pepe, jina la faili, meseji ya WhatsApp, kisanduku cha kujaza fomu kwenye tovuti, au popote unapopesti kwa ile namna ya maandishi matupu. CO₂ ikivuliwa inakuwa CO2, hapo hamna aliyekufa, msomaji ataelewa. Lakini chukua 10⁶. Ikivuliwa inakuwa 106. Milioni moja imegeuka kuwa mia moja na sita, na hamna alama yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba kuna kitu kimepotea, programu ya kusahihisha maneno haitapiga kelele, namba inaonekana nzima kabisa. 2⁵ inakuwa 25. 10⁻⁹ inakuwa 10-9, ambayo mtu anaweza kuisoma kama moja. Ndo maana mi nasema kwa vipeo vya hesabu uwe mwangalifu mara mbili kuliko kwa fomula za kemia.

Njia ya pili haina mambo ya nguo. Kwenye Unicode, ile orodha kubwa ya herufi zote ambazo kompyuta zinazitambua, kuna vinamba ambavyo vimezaliwa vidogo. ² ni herufi kamili inayojitegemea, sio 2 iliyopandishwa, kwa hiyo popote utakapoipeleka inabaki ², iwe WhatsApp, iwe jina la faili, iwe wapi. Hizo ndo zile za Alt 0178. Kwenye Windows unashika Alt, unaandika 0178 kwa zile namba za upande wa kulia wa kibodi, unaachia, inatoka ². 0179 inatoa ³, 0185 inatoa ¹. Tatizo, laptop nyingi hazina zile namba za pembeni, na zile za mstari wa juu hazikubali huu mchezo.

Kama uko kwenye Word ya Windows au LibreOffice kuna njia tamu zaidi. Andika 2082 alafu bonyeza Alt na X, zile tarakimu nne zinageuka kuwa ₂. Mpangilio wake una akili: vya chini ni 208 ukifuatiwa na tarakimu unayoitaka, kwa hiyo 2084 ni ₄ na 2089 ni ₉. Vya juu ni 207 na tarakimu, 2076 ni ⁶, ila 1, 2 na 3 wamekimbia foleni, wenyewe ni 00B9, 00B2 na 00B3. Sababu ni kwamba hao watatu walikuwepo tayari kwenye orodha ya zamani ya Latin-1 kabla ya Unicode, basi wakaachwa kwenye namba zao za zamani na wengine wakapangwa sehemu mpya. Hii sio historia ya kujifurahisha tu, inaonekana kwenye karatasi: fonti nyingi za zamani zina ² na ³ lakini hazina ⁴, kwa hiyo ukiandika x² + x⁴ programu inaazima ile ⁴ kwenye fonti nyingine na vinamba viwili vinatoka kimoja kinene kingine chembamba. Kama una jicho la kuchagua utaona, na mwalimu anayesahihisha anaweza asijue ni nini ila atahisi pamekaa vibaya.

Alt na X ina kituko chake kimoja ambacho kinawachanganya watu wa kemia. Word inaposoma zile tarakimu inarudi nyuma kuokota kila kinachoweza kuwa sehemu ya kodi (yaani namba ya herufi kwenye orodha ya Unicode), na kodi hizi zinatumia namba pamoja na herufi A mpaka F. Ukiandika CO2082 haina shida kwa sababu O haimo kwenye hizo herufi. Ila ukitaka C₂H₆ ukaandika C2082, Word inaokota na C yenyewe, inasoma kodi C2082, na unachotaka hukipati. Chuma nayo ni hivyohivyo, Fe ina F na e. Hapo hailaiti zile tarakimu nne tu ndo ubonyeze Alt na X, inaheshimu ulichochagua.

Kwenye simu wala huhitaji kodi. Kwenye kibodi ya Gboard shikilia namba muda kidogo utaona ² na ³ zinachomoza juu. Vya chini ndo vigumu kuvipata kwa kushikilia, kwa hiyo wengi huvitengenezea vifupisho kwenye kamusi binafsi ya simu, unaandika co2 simu inakupa CO₂. iPhone nayo inayo hiyo ya kubadilisha maneno kwenye mipangilio ya kibodi.

Usije ukadhani basi Unicode ndo jibu la kila kitu. Kwanza haina herufi zote, kuna a ya chini na x ya chini lakini b au d ya chini huipati, kwa hiyo mwandishi wa fizikia mwenye alama zake za chini za herufi atakwama njiani. Pili ni kutafuta: mtu akifungua dokumenti yako ya Word akatafuta CO2, zile zilizovalishwa nguo zitaonekana zote kwa sababu ndani ni 2 ya kawaida, ila za Unicode zinaweza zikapitwa. Ubaya zaidi ni kuchanganya, nusu ya dokumenti umetumia hivi nusu vile, hapo ukija kutafuta na kubadilisha utaumia. Mi kwa dokumenti ndefu itakayobaki kuwa dokumenti, tuseme tasnifu au ripoti ya kuprinti, nachagua vitufe. Kwa kitu kitakachokopiwa huku na huku, au chenye vipeo ambavyo vikivuliwa vinadanganya, nachagua Unicode.

Njia ya haraka kuliko zote ni kutobonyeza kitu kabisa. Word ina AutoCorrect, ile inayokurekebishia maneno unapoandika, na unaweza kuifundisha. Andika CO₂ moja vizuri kwa vitufe, ihailaiti, ingia Options, Proofing, AutoCorrect Options. Utaikuta tayari imekaa kwenye kisanduku cha kulia, chagua Formatted text ili ibebe na ile nguo, kushoto andika co2, bonyeza Add. Kuanzia hapo ukiandika co2 na kuweka nafasi inajigeuza. Vya hivi vinakaa kwenye kiolezo cha Word ya kompyuta ile, kwa hiyo ukihamia kompyuta nyingine havikufuati, na PowerPoint haivioni. Ukitaka vionekane kwenye programu nyingine za Office, fanya hivyohivyo ila upande wa kulia weka CO₂ ya Unicode kama maandishi matupu. Docs nao wana kitu kama hicho, Tools, Preferences, tabu ya Substitutions, na huko ya Unicode ndo inayofaa. Angalizo tu la kuchagua kifupi: ukiweka m2 ijigeuze kuwa m² na siku moja ukaandika modeli ya kifaa inayoitwa M2, utapigana na kompyuta yako.

Je kama dokumenti imeshaandikwa tayari, labda umeletewa na mtu, na CO2 zimejaa humo zote za kawaida? Zikiwa chache, hailaiti 2 ya kwanza, piga Ctrl na =, afu nenda kwenye nyingine uihailaiti ubonyeze F4 tu, Word inarudia ulichofanya mwisho (laptop nyingine zinataka ushike na Fn). Au shika Ctrl huku ukihailaiti 2 moja baada ya nyingine kwa mausi, zote zinabaki zimechaguliwa, unabonyeza amri mara moja.

Zikiwa nyingi tumia Ctrl na H. Kuna ujanja mzuri sana: tengeneza CO₂ moja iwe sawa, ikopi, kwenye kisanduku cha kutafuta andika CO2, kwenye kisanduku cha kubadilisha andika ^c, alafu Replace All. Hiyo ^c maana yake ni weka kilichopo kwenye ubao wa kukopia, na inakiweka na nguo zake zote, dokumenti nzima imenyooka kwa mpigo mmoja. Kasoro yake ni hiyohiyo ya nguo, kama uliikopi kwenye aya ya kawaida, CO₂ iliyo kwenye kichwa kikubwa cha habari itapachikwa na saizi ya aya, ionekane kama imepwaya. Kwa dokumenti yenye vichwa vingi fanya kwa hatua tatu: kwanza tafuta CO2, badilisha kwa ^& (yaani hichohicho kilichopatikana) ukiongeza rangi ya kuhailaiti kupitia batani ya Format, hapo CO2 zote zinapata rangi. Pili tafuta 2 yenye rangi hiyo tu, badilisha kwa ^& yenye Subscript. Tatu ondoa rangi. Inaonekana ndefu kuisoma ila kuifanya ni dakika moja, na saizi hazibadiliki. Kabla ya kuanza hakikisha dokumenti haina rangi za kuhailaiti za mtu mwingine, maana nazo zitaingia kwenye mkumbo.

LibreOffice hapa imewazidi wenzake kwa mbali, na haisemwi vya kutosha. Fungua Ctrl na H, washa ile alama ya regular expressions (kutafuta kwa kanuni badala ya neno lenyewe), andika (?<=CO)2 ambayo ni kusema nitafutie 2 iliyotanguliwa na CO lakini CO yenyewe usiiguse, bonyeza Find All. 2 zote za CO2 zinachaguliwa kwa pamoja. Funga dirisha, piga Ctrl, Shift na B. Imeisha.

Docs haina huo uwezo, huko unatafuta CO2 na kuweka CO₂ ya Unicode tu.

Bado kuna vitu ambavyo hakuna kati ya njia hizi inayofaa, mfano ioni ya salfeti. Ukiandika kwa vitufe unapata SO₄²⁻, 4 na 2 zimepangana ubavuni, wakati vitabu vingi vinaziweka moja juu ya nyingine. Hapo ndo kazi ya sehemu ya hesabu. Kwenye Word bonyeza Alt na =, inafunguka, andika "SO"_4^(2-) afu gonga nafasi, inajipanga yenyewe. Alama ya _ inashusha, ^ inapandisha, mabano yanayeyuka, na zile alama za kunukuu ni za kuzuia herufi zisilale, kwa sababu sehemu ya hesabu inalaza kila herufi ikidhani ni x au y. Watu wa LaTeX, ule mfumo wa kuandikia kazi za hesabu na sayansi, watakuwa wameshazoea hizo alama. Ila usiitumie kwa kila m² iliyo katikati ya sentensi, inakuja na fonti yake ya Cambria Math na aya itaonekana imetiwa viraka.

Na kuhusu ile alama ya kutoa kwenye 10⁻⁶: wengi tunaweka kistari kifupi cha kibodi, na Word inapofika mwisho wa mstari inajisikia huru kukata hapo hapo, 10 na kistari vikabaki juu, 6 ikaangukia mstari wa chini. Weka kistari kisichokatika, Ctrl, Shift na kile kitufe cha kistari, au weka alama halisi ya kutoa kwa 2212 na Alt X.

Kuna vitu viwili vinavyofanana na vinamba vya juu ila sio. Nyuzi joto, 25°C, hiyo ° ina herufi yake (Alt na 0176), usipandishe o wala sifuri, ikivuliwa nguo 25 inakuwa 250. Na namba za tanbihi, usizipandishe kwa mkono hata siku moja, tumia Ctrl, Alt na F iwe Word iwe Docs, kwa sababu tanbihi inajihesabu yenyewe na ukiongeza nyingine katikati zote zinasogea, uliyoipandisha kwa mkono itabaki imeganda pale na namba yake ya uongo.

Excel ni dunia yake. Vitufe vya Word huko havikusaidii, unahailaiti kinamba ndani ya seli, Ctrl na 1, unatia tiki kwenye Subscript au Superscript. Na seli yenye fomula au namba haikubali kabisa kuvalishwa kipande, ni yote au hamna. Ukitaka jumla ijitokeze kama 48 m² na bado iweze kuhesabiwa, ingia Ctrl na 1 kwenye Custom, andika 0 "m²" ukitumia ile ² ya Unicode, seli inaonyesha kipimo huku ndani ikibaki namba tupu.